Mwongozo Kamili: Kumuuzia Usiyemjua Ala Yako ya Muziki Mtandaoni Bila Kulizwa

Kila ninapoandikiwa "nimelizwa, nifanyeje?", huomba kwanza nisimuliwe mauzo yalivyokwenda, tangu tangazo lilipowekwa hadi ala ilipoondoka. Simulizi hutofautiana, lakini mahali pa kuanguka ni palepale: ala ilitoka mikononi mwa mwenyewe kabla pesa haijawa yake kweli. Si kwamba hawakujua matapeli wapo. Walijua, na baadhi yao walikuwa wameshawaonya wenzao. Walichokosa ni mpangilio: kipi kitangulie, kipi kisubiri, na wakati gani wa kusema hapana bila kuona haya.

Ala ya muziki inawavutia wezi kwa sababu zinazoeleweka. Ina thamani kubwa, inabebeka begani, na inaweza kuuzwa tena kabla jua halijazama. Juu ya hayo, mwenye ala huwa anaipenda, na akimpata mtu anayeonekana kuipenda kama yeye, tahadhari zake zote hulegea. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya dakika hiyo.

## Andaa hivi kabla ya kuandika tangazo

- Simu yenye kamera nzuri, na mwanga wa mchana.
- Daftari au faili moja ya mauzo haya tu: namba ya mfululizo, risiti ya zamani, kazi alizofanya fundi.
- Barua pepe mpya isiyo na uhusiano na benki yako. Ukiweza, na laini ya pili ya simu.
- Akaunti ya kupokelea malipo unayoweza kuifungua mwenyewe popote ulipo, na bando la intaneti la kutosha.
- Bei mbili: ya kwenye tangazo, na ile ambayo hushuki chini yake. Andika ya pili kwenye daftari kabla hujaongea na mtu yeyote.
- Karatasi nyeupe na kalamu ya wino mzito.
- Kama utasafirisha: kasha gumu la ala, boksi imara lililo kubwa kuliko kasha, plastiki ya mapovu, sponji, gundi ya karatasi pana.
- Mtu mzima mmoja wa kukusindikiza siku ya makabidhiano. Mwombe mapema.

## Hatua ya 1: Iandike ala yako

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tafuta namba ya mfululizo uiandike. Kwenye gitaa mara nyingi iko nyuma ya kichwa, au ndani ya tundu la sauti. Kwenye saksafoni iko nyuma ya mwili, karibu na kishikizo cha kidole gumba. Bila namba hiyo polisi wana kidogo cha kutafuta, na ala ikikutwa mikononi mwa mtu ni vigumu kuonyesha kuwa ni yako.

Fidla nyingi hazina namba. Zina lebo ndani, na lebo hizo zimewaponza watu wengi. Tangu karne ya 19 viwanda vimetengeneza fidla zisizohesabika zenye jina la Stradivarius, fundi mashuhuri wa fidla wa Italia, ndani, kama alama ya muundo ulioigwa. Ukiandika kwenye tangazo kwamba unauza Stradivarius kwa sababu lebo imesema hivyo, wewe ndiye utakayeitwa tapeli. Andika tu: "ina lebo inayosomeka hivi", kisha uweke picha yake.

Kama unafikiria kuuza nje ya nchi, angalia ala imetengenezwa kwa nini. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliweka mti wa rozwudi ya Brazil, *Dalbergia nigra*, kwenye orodha kali kabisa mwaka 1992, na gitaa za zamani zenye mti huo hazivuki mpaka kihalali bila vibali. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilizuiwa kwa uamuzi wa mwaka 1989, hivyo piano kuukuu yenye vibonyezo vya pembe, au upinde wa fidla wenye kipande cha pembe au gamba la ngamba, unaweza kukamatwa forodhani. Mwenye klarineti ya mpingo ana nafuu: mpingo nao ni wa jamii ya *Dalbergia*, lakini tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika za miti ya jamii hiyo, isipokuwa ile ya Brazil, hazidaiwi vibali vya CITES. Hata hivyo, iulize mamlaka ya wanyamapori au misitu kabla hujamwahidi mnunuzi chochote, kwa sababu nchi nyingine zina sheria kali zaidi ya mkataba.

Hatua hii imekamilika pale mtu mwingine anapoweza kusoma ukurasa wako wa daftari na kuitambua ala yako katikati ya kumi zinazofanana nayo.

## Hatua ya 2: Piga picha ambazo haziwezi kuibwa

Matapeli hunakili picha za matangazo ya kweli na kuuza ala ambazo hawana. Picha zako zikitumika hivyo, walioibiwa watakuja kukutafuta wewe. Kwa hiyo andika jina unalotumia mtandaoni na tarehe kwenye karatasi, iweke chini ya nyuzi au kando ya vibonyezo, kisha piga.

Piga ala nzima mbele na nyuma, halafu usogee karibu: kila mkwaruzo, kila mbonyeo, mahali rangi ilipobanduka. Namba ya mfululizo piga pia, lakini usiiweke kwenye tangazo. Aliyenayo namba kamili anaweza kwenda kuripoti kwamba ala ni yake na iliibwa. Mpe mnunuzi mwenye nia, mkishafika mbali kwenye mazungumzo.

Zima kwanza alama ya mahali kwenye kamera ya simu. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake majira ya nukta ya pale ilipopigwa, yaani sebuleni kwako. Angalia pia kinachoonekana nyuma: geti, namba ya nyumba, ala nyingine tano zimepangwa ukutani. Mwizi husoma picha kwa makini kuliko mnunuzi.

## Hatua ya 3: Andika tangazo linalowachuja watu

Taja kasoro zote. Uaminifu hapa unakulinda, kwani mnunuzi aliyeambiwa kuhusu ufa mdogo shingoni hawezi kurudi wiki ya pili akidai umemficha.

Kisha weka masharti yako wazi, kwa mfano: "Malipo yanathibitishwa kwenye akaunti yangu kabla ya ala kuondoka. Sipokei hundi. Sipokei zaidi ya bei. Sitoi ala kwa wakala." Tapeli anayesaka windo jepesi akisoma hayo mara nyingi huenda kwa mwingine. Na yule atakayekuja atakuwa ameshasoma masharti, hivyo hutalazimika kuanza kubishana naye mlangoni.

Usiandike "nauza haraka" wala "nina shida ya pesa". Maneno hayo humwambia tapeli ni wapi pa kubonyeza.

## Hatua ya 4: Msome mnunuzi kwa maneno yake

Ndani ya saa chache utapata ujumbe unaofanana na huu:

"Habari. Bidhaa bado ipo? Nimeridhika na bei, naomba uondoe tangazo. Niko safarini kikazi hivyo siwezi kuja kuiona, wakala wangu wa usafirishaji ataipitia. Nitakuongezea kitu kwa usumbufu. Nitumie jina lako kamili, anwani na namba ya simu nikuandikie hundi."

Usome taratibu. Anasema "bidhaa". Hakusema klarineti, hakusema gitaa la besi. Ujumbe huohuo umeenda kwa anayeuza friji na kwa anayeuza kitanda. Kisha ameridhika na bei, hakuomba hata kupunguziwa, na mwanamuziki asiyejaribu kupunguza bei ya ala kuukuu sijawahi kukutana naye. Anataka uondoe tangazo ili wanunuzi wa kweli wapotee ubaki naye peke yake.

Wakala ndiye mlango wa wizi wenyewe. Utatumiwa hundi yenye kiasi kikubwa kuliko bei, na utaambiwa kilichozidi umpelekee wakala. Benki inaweza kukuonyesha pesa ya hundi kwenye salio ndani ya siku chache, wakati kugundulika kwamba hundi ni bandia huchukua hata wiki kadhaa. Ikigundulika, benki inakata kiasi chote kwako. Ile ziada uliyomtumia wakala ilikuwa pesa yako mwenyewe, na ala nayo imekwenda.

Jibu ujumbe wa namna hiyo kwa swali ambalo mpigaji pekee ndiye atakayelijibu bila kuhangaika. Kwa gitaa: "Unapendelea nyuzi za unene gani, na nyuzi ziwe juu kiasi gani kutoka shingoni?" Kwa saksafoni: "Sasa hivi unatumia mwanzi wa namba ngapi?" (Mwanzi ni kile kipande chembamba kinachotetemeka unapopuliza.) Mwanafunzi atasema hajui, ananunua ya kwanza, mwalimu wake ndiye anamshauri. Hilo ni jibu zuri. Tapeli atalirukia swali na kurudi kwenye malipo.

Omba pia mwongee kwa simu ya video, ala ikiwa mbele yako. Anayetaka kweli atakuomba uisogeze, uigeuze, uipige kidogo.

Onyo. Mtu akisema "nataka kuhakikisha wewe si tapeli, nimekutumia namba sita kwenye simu yako, nisomee", katisha mazungumzo hapo hapo. Namba hizo ni za uthibitisho wa akaunti. Ukimsomea, anafungua akaunti kwa namba yako, au anaingia kwenye WhatsApp yako au barua pepe yako na kuanza kuwaliza wengine kwa jina lako. Vivyo hivyo linki ya "kupokea malipo" inayokuomba namba za kadi au nywila ya benki: kupokea pesa hakuhitaji nywila.

Na ukumbuke jambo moja. Maswali haya yanamtoa nje tapeli asiyejua muziki; hayamthibitishi mwema. Nilijifunza hilo kwa uchungu.

## Hatua ya 5: Pesa kwanza, na iwe yako kweli

Nilikuwa nauza saksafoni ya alto niliyoipiga kwa miaka mingi. Ilikuwa na mbonyeo mdogo kwenye ukingo wa mdomo wake mpana, ambao kidole changu kiliutafuta chenyewe kila nilipoitoa kwenye kasha. Aliyekuja alikuwa mpigaji. Aliulainisha mwanzi kwa mate, akapanda na kushuka ngazi mbili za sauti, akaifikia ile sauti nzito ya chini ambayo wanaoanza hushindwa, na mimi nikatabasamu kama mzazi. Akanionyesha simu yake: alama ya tiki ya kijani, jina langu, kiasi chote. "Imetoka upande wangu. Ni Ijumaa jioni, benki unazijua, itasoma Jumatatu." Nikamfungia kasha kwa mikono yangu. Jumatatu haikusoma kitu, wala Jumanne, na namba yake ilikuwa imezimwa.

Yule bwana alijua muziki, na aliniibia. Tangu hapo sitazami simu ya mnunuzi kabisa. Kuna programu zinazoigiza skrini ya benki, na picha ya muamala hutengenezwa kwa dakika moja.

Kabla ala haijaondoka, jiulize mambo haya: je, pesa ninaiona nikifungua akaunti yangu mwenyewe, kwa simu yangu? Inaweza kuvutwa kurudi? Na jina la aliyetuma ni la huyu ninayeongea naye?

Hilo la mwisho hupuuzwa sana. Kuna mtego ambao tapeli anamwuzia mtu wa tatu kitu asichokuwa nacho, kisha anamwelekeza alipe kwenye akaunti yako. Wewe unaona pesa halali imeingia, unatoa gitaa. Baada ya siku mbili yule wa tatu analalamika kwa benki, akaunti yako inafungiwa, na jina linaloonekana kwenye ripoti ya utapeli ni lako. Jina lisipolingana, rudisha pesa ileile kwa njia ileile ilikotoka, na usitoe ala.

### Njia kwa njia

Taslimu. Ni salama mkikutana mchana na noti zikihesabiwa. Kwa kiasi kikubwa, kutaneni ndani ya benki yako: karani azipokee, azipitishe kwenye mashine, aziweke kwenye akaunti. Noti bandia inaishia pale.

Uhamisho wa benki wa papo hapo. Ni mzuri, kwa sharti kwamba unafungua akaunti yako na kuona salio limepanda. Neno "inashughulikiwa" maana yake bado hujalipwa.

Pesa kwa simu. Usisome ujumbe mfupi peke yake, maana ujumbe bandia huja na mpangilio uleule, wakati mwingine chini ya jina lilelile la mtoa huduma. Piga menyu uangalie salio. Na akikupigia mtu akilia kwamba ametuma kwa makosa zaidi ya bei, mwambie aombe urejesho kwa mtoa huduma. Usimrudishie kwa mkono wako, kwani huenda hakuna kilichoingia, au muamala wa kwanza utafutwa baada ya wewe kurudisha.

PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni. Hapa watu wengi hujikwaa kwa sababu pesa inaonekana imefika kabisa. Mnunuzi ana siku 180 za kufungua madai. Ili muuzaji alindwe, sharti atume kwenye anwani ileile iliyoandikwa kwenye muamala, awe na uthibitisho wa usafirishaji, na kwa mauzo yanayofikia dola 750 za Marekani, saini ya mpokeaji. Mtu akikulipa kwa PayPal halafu akaja kuichukua ala mwenyewe, huna uthibitisho wa usafirishaji. Akidai hakupokea, utashindwa. Anayekuja ana kwa ana alipe taslimu.

Akisema alipe kwa mtindo wa "marafiki na familia" kukwepa makato, kataa. Mtindo huo haukuwekwa kwa ajili ya mauzo, na kama akaunti anayotumia ameiiba, pesa inaweza kuvutwa vilevile.

Barua pepe ikisema malipo "yamezuiwa hadi utume namba ya kufuatilia mzigo", funga barua hiyo, fungua PayPal kwa kuandika anwani yake mwenyewe, uangalie. PayPal kweli huweza kushikilia pesa za muuzaji mgeni hadi siku 21, lakini pesa iliyoshikiliwa huonekana ndani ya akaunti. Isipoonekana humo, haipo.

Hundi, hata ile inayoitwa ya benki: usipokee.

Mtu wa kati anayeshika pesa. Huduma za kweli zipo na kwa ala ya bei kubwa zinafaa sana, ila uichague wewe. Tovuti ya mtu wa kati iliyoletwa na mnunuzi mara nyingi ni ya mnunuzi.

Utajua umeivuka hatua hii pale ambapo ungeweza kuitoa pesa, au kuihamishia kwingine, wakati ala bado iko miguuni pako.

## Hatua ya 6: Kukutana na kukabidhiana

Chagua mahali pa watu wengi, mchana, penye kamera za ulinzi: ndani ya benki, duka la ala, ukumbi wa kituo cha polisi. Ukiwa na ala inayotumia umeme, beba amplifaya ndogo ya betri ili asikudai mwende kwake "kuijaribu vizuri".

Wakati wa majaribio, wewe au mwenzako simameni upande wa mlango. Ajaribu akiwa amekaa. Kasha libaki kwako, limefungwa. Sababu ni rahisi: gitaa likiwa ndani ya kasha na kasha likiwa mkononi mwake, kazi iliyobaki ni kukimbia tu.

Piano na ngoma kubwa haziendi mjini, kwa hiyo mnunuzi atakuja nyumbani. Mpe jina la mtaa tu, anwani kamili mpe siku yenyewe. Funga milango ya vyumba vingine, na usiwe peke yako. Wabebaji wakitangulia kufika kabla ya malipo, wasiiguse piano, hata kama gari lao linalipiwa kwa saa. Haraka hiyo ni yao.

Andikianeni karatasi mbili: ala gani, namba ya mfululizo, kasoro zilizoonwa, kiasi, tarehe, "imeuzwa ilivyo", majina na saini. Piga picha karatasi ikiwa kando ya ala.

## Hatua ya 7: Kusafirisha

Mkiwa mbali, hatari inahama kutoka kwa mwizi kwenda kwa mshindo. Mambo mawili ya karatasi kwanza. Kampuni ya usafirishaji uichague na uilipie wewe, kwa sababu mwenye namba ya kufuatilia ndiye mwenye ushahidi. Na mnunuzi akiandika baada ya kulipa kwamba amehama na utume kwenye anwani yake mpya, kataa: mrudishie pesa, alipe upya akiwa na anwani sahihi.

Soma masharti ya bima kabla ya kulipia. Kampuni nyingi zina kikomo cha fidia kwa ala za muziki, na nyingi hukataa madai kwa kusema kifungashio kilikuwa dhaifu. Ndiyo maana utarekodi video moja isiyokatwa: namba ya mfululizo, ala inaingia kwenye kasha, kasha kwenye boksi, boksi linafungwa, lebo ya anwani inabandikwa.

### Kila ala na udhaifu wake

Gitaa la akustika lenye nyuzi za chuma hubeba mvuto wa takriban kilo 70 shingoni wakati wote. Legeza nyuzi zishuke sauti moja au mbili, usizitoe. Kichwa ndicho kinachovunjika kwanza, hasa kwenye gitaa ambazo kichwa kimeinamia nyuma, kama gitaa la umeme la Gibson Les Paul: boksi likianguka kwa mgongo, kichwa kinaendelea na safari wakati mwili umeshasimama. Jaza kitambaa laini chini ya kichwa, juu yake na pembeni, hadi ukitikisa kasha husikii kitu. Usimwachie sponji ya kasha kazi hiyo.

Fidla na selo hulegezwa kidogo sana. Ndani yake kuna kijiti kilichosimama kati ya ubao wa juu na wa chini bila gundi, kinachoshikiliwa na mgandamizo wa nyuzi. Ukilegeza zote, kinaanguka, daraja linafuata, na mnunuzi anapokea ala isiyolia. Kunja kitambaa chini ya kipande kinachoshika nyuzi mkiani ili chuma chake kisichubue ubao. Upinde ulegezwe nywele zake.

Saksafoni: toa shingo na kipande cha kupulizia, uvifunge mbali na mwili. Weka kizibo chake cha juu. Bana vibonyezo vikubwa kwa vipande vya kizibo laini cha chupa au kitambaa ili visicheze njiani. Kwenye ala yenye umeme, toa betri.

Kati ya kasha na boksi acha angalau sentimita tano za kujazia pande zote sita. Simamisha boksi, ulilaze, uligeuze. Kama wewe mwenyewe ungeogopa kuliangusha kutoka urefu wa kiuno, bado halijawa tayari.

## Hatua ya 8: Siku zinazofuata

Mnunuzi akifungua boksi kisha akasema ala ina kasoro, usigombane naye. Omba picha na namba ya mfululizo kwenye picha hizohizo. Akitaka kurudisha, pokea kwa njia yenye namba ya kufuatilia, fungua boksi huku ukirekodi, na ulinganishe na picha zako kabla ya kurudisha hata senti.

Kuna wanaorudisha gitaa la aina ileile lakini bovu. Kuna wanaorudisha gitaa lako lenyewe likiwa limenyofolewa sumaku za kunasia sauti, zimewekwa za bei rahisi. Kwa hiyo, kama unauza gitaa la umeme la thamani, fungua kifuniko cha nyuma mapema upige picha ya nyaya na viungo vya risasi, na uweke alama ndogo ndani mahali usipomwambia mtu.

Faili lote, video pamoja na mazungumzo, lihifadhi hadi muda wa madai wa njia uliyolipwa upite. Kwa PayPal ni siku 180 kutoka siku ya malipo. Ziandike kwenye kalenda.

## Kama umeshalizwa

Saa za kwanza ndizo zenye thamani. Piga simu benki au kwa mtoa huduma wa malipo kwanza, kabla ya kumwandikia tapeli chochote, uombe muamala usimamishwe. Kama mzigo uko njiani, piga kampuni ya usafirishaji uombe uzuiwe na urudishwe. Mzigo ambao bado haujafika unaweza kukamatwa hivyo.

Halafu nenda polisi na lile daftari. Chukua namba ya taarifa. Peleka picha na namba ya mfululizo kwa maduka ya ala na kwa mafundi, maana fundi ndiye anayeshika ala kuukuu nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, na mbonyeo unaoujua wewe yeye atauona. Fuatilia matangazo ya ala ya aina hiyo kwa miezi kadhaa. Ukiiona, usimfuate muuzaji peke yako. Wapelekee polisi linki na picha, uwaache waende.

Ndani ya wiki hizo atatokea mtu akisema yeye ni mtaalamu wa kurudisha pesa zilizoibwa, anahitaji ada ndogo tu ya kufungulia. Huyo ni tapeli wa pili, na huenda namba yako ameipata kwa yule wa kwanza. Usimjibu. Piga picha ya skrini ya ujumbe wake, iongeze kwenye faili, na upeleke pamoja na zile nyingine.